Mwaka mmoja na wolai: shajara ya mradi wangu wa uvuvi, Minnesota

7 Aprili 2024, Jumapili. Red Wing, mto Mississippi

Leo nimeanza rasmi. Daftari ni la shule, nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Mradi wenyewe ni huu: kwa mwaka mzima nitamwandama samaki mmoja tu, walleye, ambaye nyumbani kwangu tumeshazoea kumwita wolai. Nitamtafuta katika kila msimu, na kila safari nitaandika mambo matano: joto la maji, kina, upepo, mwanga na chambo. Nina miaka tisa hapa Minnesota, Marekani. Miaka minane kati ya hiyo nimevua kwa kubahatisha, nikipata watatu au wanne mwezi Mei, kisha patupu mpaka Mei nyingine, huku jirani yangu akileta samaki hata Januari. Mimi ni mtoto wa Musoma, baba yangu alivua dagaa maisha yake yote. Siwezi kuendelea hivi.

Kwa asiyemjua, wolai ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo wa pechi wa Amerika Kaskazini. Mgongo una rangi ya zeituni iliyochanganyika na dhahabu, tumbo jeupe, meno yamechongoka, na ncha ya chini ya mkia ni nyeupe kana kwamba imechovywa kwenye chokaa. Minnesota ilimfanya samaki rasmi wa jimbo mwaka 1965. Nyama yake ni nyeupe, tamu, haina shombo.

Ila cha kumjua zaidi ni jicho. Nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana ukimmulika usiku linang'aa kama la paka, au kama la sangara wetu. Kwa jicho hilo anaona kwenye giza na kwenye maji ya vurugu kuliko visamaki anavyovila. Wavuvi wa dagaa kwetu hubeba karabai kwenda nazo ziwani. Huyu karabai yake anatembea nayo kichwani.

Maziwa ya ndani yamefungwa tangu mwisho wa Februari ili wazae, lakini huku mtoni, kwenye mpaka na Wisconsin, wolai huvuliwa mwaka mzima kwa kanuni zake. Nimekaa chini ya bwawa namba 3. Maji nyuzi 7. Wolai huzaa maji yakiwa kati ya nyuzi 6 na 10 hivi, usiku, juu ya changarawe na mawe yanayopigwa na mkondo au mawimbi, kisha huyaacha mayai yajilinde yenyewe. Nimetumia jigi, yaani ndoano iliyosubiwa kichwa cha risasi, gramu 10, na kisamaki hai, futi 16. Unaishusha mpaka iguse chini, unaiinua kiasi cha shubiri, unaishusha tena. Basi. Maji ya baridi hayataki fujo. Nimepata wawili, madume wote, nilipowashika tu wakamwaga manii mkononi. Nimewarudisha.

14 Aprili, Jumapili

Mahali palepale. Mvua ya juzi imeujaza mto, maji rangi ya chai ya maziwa. Saa tano nzima, samaki mmoja, na huyo nilimpata nyuma ya gati la mawe ambako mkondo umevunjika. Funzo la kuandika: mto ukifurika, wolai husogea kando kupumzika. Usihangaike katikati.

11 Mei, Jumamosi. Ufunguzi wa msimu, ziwa la jirani

Msimu wa maziwa ya ndani hufunguliwa Jumamosi ya wiki mbili kabla ya wikendi ya Memorial Day, sikukuu ya Marekani ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Watu hapa wanaichukulia kama sikukuu. Saa sita kamili usiku tulikuwa tumeshaingia majini, mimi na shemeji, boti ya alumini futi 14, na mbinguni kulitokea jambo ambalo sitalisahau. Anga yote iliwaka kijani na waridi, mikanda ya mwanga ikipanda na kushuka mpaka utosini. Ilikuwa usiku wa ile dhoruba kubwa ya jua. Shemeji alizima taa ya kichwani akakaa kimya. Baadaye akasema, "Shem, mama angekuwa hapa angepiga vigelegele."

Haya, samaki. Kila mwaka siku ya ufunguzi mashua hujazana kwenye mdomo wa kijito kinachoingia ziwani, kwa sababu ndipo wolai huzaa na madume hubaki hapo wiki kadhaa. Mwaka huu nimekwenda na kipimajoto. Majira ya baridi yaliyopita yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyorekodiwa Minnesota, barafu ikayeyuka mapema mno, na maji leo yamesoma nyuzi 15. Nikamwambia shemeji: hawa walimaliza kuzaa zamani, hapo mdomoni tutakuta mashua tu. Hakuamini. Tukakaa saa moja na wenzetu kumridhisha, hakuna kitu.

Tukahamia upande wa kaskazini, penye ghuba ambayo magugu maji machanga yameanza kuota, futi 8 hadi 10, upepo ukisukuma maji kuelekea huko. Jigi nyepesi, gramu 3 na nusu, kisamaki kilichotobolewa midomoni. Kati ya saa kumi usiku na jua kuchomoza tumepata wanne, inchi 15 hadi 18. Jua lilipopanda, wakafunga mdomo kama mlango wa duka siku ya Ijumaa adhuhuri.

Hii ndiyo hoja ninayoandikia mradi huu: kalenda ni ya serikali, samaki anafuata maji. Tarehe hiyohiyo ya Mei mwaka mmoja wanazaa, mwaka mwingine wamekwisha kutawanyika.

Minofu tumeikaanga asubuhi, unga wa mahindi kidogo, chumvi, ndimu. Ukimchinja usitupe mashavu. Vipande viwili vya ukubwa wa kifungo cha koti, ndiyo nyama tamu kuliko zote.

8 Juni, Jumamosi

Nimekwenda na binti yangu, miaka kumi. Maji nyuzi 19. Mwezi wa ruba umefika. Duka la chambo wanaziuza kwa dazeni kwenye kopo la plastiki, weka kwenye friji nyumbani (mke wangu hajakubali bado, zinakaa gereji). Ruba hutobolewa upande wenye kinyonyeo, ule mpana, kisha huachwa aogelee. Ukimtoboa vibaya hujikunja kama shanga na samaki hamtaki.

Juu yake tumeweka chelezo kinachoteleza kwenye mshipi mpaka kwenye fundo uliloliweka, hivyo unaweza kuvua futi 12 na bado ukarusha bila tabu. Tumetia nanga upande unaotoka upepo, juu ya mwamba unaopanda kutoka futi 20 hadi futi 9. Upepo ulikuwa mzuri, mawimbi ya kama futi moja. Wenyeji wana jina maalumu la mawimbi hayo, wanayaita kwa jina la samaki mwenyewe. Mawimbi huvunja mwanga usizame, huvuruga visamaki, na wolai hupanda mwambani kula hata mchana. Siku ya maji kama kioo angekuwa amelala kilindini.

Binti alikuwa akitazama chelezo chake chekundu.

"Baba, kimepotea."

"Kimepotea wapi?"

"Kimeenda chini tu. Hakikuruka."

Ndivyo wolai anavyokula. Hapigi kama sangara, anavuta ruba kwa adabu na chelezo kinazama taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Nikamwambia akunje mshipi mpaka ausikie uzito, ndipo anyanyue. Inchi 17. Alimshika kwa mikono miwili huku nimemkinga na mwiba wa mgongoni, akamwangalia jichoni kwa muda mrefu. "Ana mwezi ndani," akasema. Nimeliandika hili kwenye daftari mbele ya joto la maji.

Tumepata watano, tukabaki na watatu.

13 Julai, Jumamosi

Mchana, jua kali, maji ya juu nyuzi 26. Sifuri.

20 Julai, Jumamosi

Sifuri tena. Pale pale mwambani tulipofanikiwa Juni. Pechi wadogo wa njano wamemaliza ruba wote.

27 Julai, Jumamosi

Asubuhi nilimweleza jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, ambaye amevua maziwa haya tangu utoto. Aliniuliza swali moja: "Umepima maji ya juu tu?" Nikaelewa. Nimefunga kipimajoto kwenye mshipi wenye chubwi, nimeweka fundo kila futi 2, nikakishusha na kungoja dakika mbili kila kituo. Futi 5, nyuzi 26. Futi 14, nyuzi 25. Futi 18, nyuzi 21. Futi 22, nyuzi 15. Hapo kati ya 16 na 22 ndipo maji yanapogawanyika kama mafuta na maji: juu joto, chini baridi, na haya mawili hayachanganyiki kiangazi chote. Ziwa dogo lenye rutuba kama hili, maji ya chini hubaki hayana hewa kwa sababu vitu vinavyooza huko vinaila yote. Kwa hiyo wolai, ambaye hupendelea maji ya nyuzi 20 hadi 23 hivi, hawezi kushuka apendavyo. Amebanwa. Yuko kwenye ule ukanda wa katikati, mahali unapogusana na ukingo wa magugu au mteremko wa mwamba.

Mwezi mzima nilikuwa navua ama juu ya vichwa vyao ama chini kwenye maji mafu.

Jioni tumerudi na mtego wa Kiminnesota kabisa, ule uliotangazwa na ndugu wawili wa Brainerd, Al na Ron Lindner, mwishoni mwa miaka ya 1960. Chubwi lenye umbo la kiatu linateleza huru kwenye mshipi, linazuiwa na kipini kidogo, halafu unafuata mshipi mwembamba wa mita moja na nusu na ndoano ndogo yenye nyungunyungu. Mashine ndogo ya umeme ya boti inakusogeza mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Ukisikia mvuto unaachia mshipi: unapita ndani ya chubwi, samaki hasikii uzito wowote. Hesabu mpaka saba, kunja ulegevu, nyanyua. Futi 17, ukingoni mwa magugu, jua likizama. Wawili, na mmoja wao inchi 21.

Huyu tumemrudisha. Kanuni ya jimbo inaruhusu kubaki na mmoja tu aliyezidi inchi 20, lakini kwangu mimi hata huyo mmoja nitamwachia ziwa. Wakubwa wa kiasi hicho aghalabu ni majike, na jike mmoja hubeba mayai laki na zaidi. Isitoshe, wakubwa ndio waliokusanya zebaki nyingi mwilini. Kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto mdogo, wape wale wadogo, tena si kila wiki. Idara ya afya ya jimbo ina mwongozo wa kila ziwa, usome.

17 Agosti, Jumamosi

Usiku tu sasa. Saa tatu mpaka saa saba. Maji nyuzi 24. Samaki bandia mwembamba wa sentimita 12 anayeelea, tunamburuta taratibu nyuma ya boti kwenye futi 8, juu ya miamba ambayo mchana haina kitu. Wanne. Mchana wanaishi futi 18, usiku wanapanda kula futi 8, umbali wa kama mita mia.

Ninaandika na jambo la sheria maana niliona jamaa wawili wa kwetu wakipigwa faini bandarini. Ukitoka ziwani fungua kizibo cha boti na ukiache wazi ukiwa barabarani. Usisafirishe maji ya ziwa hata kwenye ndoo ya chambo, badilisha uweke ya bomba yaliyotolewa klorini. Sababu ni kome pundamilia, walioenea maziwa mengi hapa. Wanachuja maji mpaka yanakuwa angavu, na maji angavu yamebadilisha tabia ya wolai. Mille Lacs, ziwa la zaidi ya ekari 130,000 na maarufu kwa samaki huyu, ni moja ya maziwa yaliyokumbwa. Jicho lililoumbwa kwa ajili ya mwanga hafifu halitaki jua lote hilo.

21 Septemba, Jumamosi

Joto bado, mvua hakuna mwezi mzima. Maji nyuzi 21. Mmoja, inchi 14. Nimemaliza mapema, zamu ya usiku kazini.

12 Oktoba, Jumamosi

Maji nyuzi 13, juu na chini. Nimeshusha kipimajoto mpaka futi 30 na namba haijabadilika. Ziwa limepinduka: maji ya juu yamepoa mpaka yakawa mazito sawa na ya chini, upepo ukayachanganya yote. Kulikuwa na harufu ya matope, na vipande vya magugu yaliyooza vikielea kila mahali. Sasa hewa iko kote, na samaki naye yuko kote. Siku kama hizi mbili tatu za kupinduka ni ngumu kuliko zote za mwaka. Mzee jirani aliniambia nihamie ziwa lenye kina kifupi, ambalo halina matabaka na kwa hiyo halipinduki namna hiyo, au mtoni. Sikwenda, nilichoka. Sifuri.

17 Oktoba, Alhamisi usiku

Niliomba ruhusa kazini kwa ajili ya usiku huu. Mwezi mpevu, tena ule mkubwa.

Kwetu Musoma usiku wa mbalamwezi ni wa kupumzika. Wavuvi wa dagaa wanangojea giza, kwa sababu taa haishindani na mwezi. Baba alitumia siku hizo kushona nyavu, na sisi watoto tulizijua siku za mwezi kwa sauti ya baba kuwa nyumbani. Basi kwenda ziwani kwa makusudi usiku wa mwezi mpevu ni jambo ambalo mwili wangu ulilikataa mpaka nilipofika majini.

Maji nyuzi 11. Visamaki vyeupe vilivyonenepa kiangazi chote vimesogea pwani, na majike wakubwa wa wolai wanavifuata, wanajaza mwili kwa ajili ya mayai ya masika yanayoanza kukua sasa. Mwezi unawapa mwanga wa kutosha kuwinda. Tulivaa mabuti marefu ya mpira tukasimama ndani ya maji ya magotini kwenye ncha ya mawe, hatukuhitaji hata boti. Samaki bandia wa sentimita 13, unamrusha, unamvuta pole, unamsimamisha sekunde tatu, unamvuta tena. Wanampiga akiwa amesimama.

Saa nne na robo mshipi wangu ulikuwa mzito ghafla, nikadhani jiwe. Jiwe likaanza kutembea. Dakika kumi hivi. Shemeji alipommulika kwa taa, macho mawili yaliwaka juu ya maji kama makaa meupe. Inchi 27 na nusu. Tumbo pana, mapezi yamesimama, mkia ukisukuma polepole kati ya miguu yangu. Samaki wa urefu huo huenda ana miaka kumi na zaidi. Sikumtoa majini kabisa, nilimshika chini ya tumbo mpaka alipoondoka mwenyewe. Viganja vyangu havikuwa na joto hata kidogo na sikutaka kuvitoa.

Tulipata wengine watatu wa kula.

2 Novemba, Jumamosi

Naandika kosa langu lote.

Maji nyuzi 8, nikawa na nia ya kujaribu vilindi, maana vuli likikomaa wolai hukusanyika kwenye miteremko mikali ya mawe. Jigi gramu 10 na kisamaki kikubwa, futi 38. Walikuwepo, tena wengi. Nilimpata wa inchi 22, nikamvuta haraka kwa furaha, na alipofika juu tumbo lilikuwa limejaa kama puto, mfuko wa chakula umechungulia mdomoni. Kibofu chake cha hewa kilikuwa kimetanuka kwa kutoka kwenye mgandamizo mkubwa. Nilimwachia. Akalala ubavu. Nilimshika tena, nikamsimamisha, akalala ubavu tena. Nilikaa naye nusu saa. Alikufa.

Nilijua kanuni hii, niliisoma, nikaisahau kwa tamaa. Kupita futi 30 usivue kwa kuachia. Ama uvue kwa kula na uache ukishapata kiasi chako, ama usivue huko. Nilimchukua, ndiye mmoja wa juu ya inchi 20 niliyeruhusiwa, nikaondoka muda huohuo.

28 Desemba, Jumamosi

Tumefika na vifaa vyote vya kuvua juu ya barafu, nikatoboa tundu la kwanza karibu na pwani: inchi 3, barafu ya kijivu iliyolowa mvua. Inatakiwa inchi 4 za barafu ngumu angavu kwa mtu kutembea, na ya kijivu haina nguvu kama hiyo. Tumerudi. Shemeji alinuna njiani mpaka tulipofika kwake, mkewe alipotoka mlangoni akamuuliza kwa nini tumerudi mapema, akamjibu, "Shem wako ananipenda."

11 Januari 2025, Jumamosi

Barafu inchi 9. Kila mmoja amening'iniza shingoni misumari ya kujivuta nje ya maji barafu ikivunjika, na kamba iko kwenye kigari cha kuburuta. Hema dogo, jiko la gesi, dirisha wazi kidogo hewa ipite.

Chini ya barafu inaruhusiwa mishipi miwili kwa mtu. Mmoja nautikisa: kijiko cha chuma cha dhahabu chenye kichwa cha kisamaki kwenye ndoano, nakinyanyua kwa nguvu, nakiacha kianguke kikimetameta, nakituliza. Wa pili umekaa tu kwenye kiegemeo, kisamaki hai kikipumua inchi 10 juu ya matope. Kijiko kinaita, kisamaki kinamaliza kazi. Kati ya watano wa leo, wanne wamekula kile kisichotikiswa.

Kwenye sona, kifaa kinachoonyesha kwa mawimbi ya sauti kilichoko chini, unamwona akija: mstari mwembamba unainuka kutoka chini, unanenepa, unasimama chini ya chambo. Moyo unapiga. Kosa la kila mtu hapo ni kuendelea kutikisa. Tetemesha tu ncha, na kipandishe chambo taratibu kana kwamba kinakimbia. Akifuata, atakula.

Futi 14, ukingo wa magugu yaliyobaki. Walianza saa kumi jioni wakanyamaza saa kumi na moja na dakika ishirini. Ukichelewa kwa sababu ya chai, umekosa.

1 Februari, Jumamosi. Upper Red Lake

Safari ya saa nne na nusu kaskazini, mimi na shemeji. Ziwa pana mno, lina kina kifupi, maji rangi ya chai kavu. Kwenye maji hayo rangi kali ndiyo inayofaa: dhahabu, chungwa, kijani cha kung'aa. Jicho la wolai linaona vizuri zaidi chungwa-nyekundu na kijani. Tumepata tulichoruhusiwa, futi 11, na sitaandika zaidi kuhusu mbinu, kwa sababu kilichonishika ni habari ya ziwa lenyewe.

Sehemu kubwa ya Red Lake ni mali ya taifa la Red Lake, yaani Waojibwe, wenyeji asilia wa huku, na kipande cha mashariki cha Upper Red kiko chini ya jimbo. Katika Kiojibwe wolai anaitwa ogaa. Kufika miaka ya 1990 walikuwa wamekwisha, wamevuliwa kupita kiasi, kwa nyavu na kwa ndoano. Mwaka 1999 pande zote zilikubaliana kufunga kabisa, si robo, si nusu. Vifaranga kwa mamilioni vikapandwa kwa awamu, na ziwa likafunguliwa tena 2006. Miaka saba. Kulikuwa na watu waliokuwa wakila kutokana na ziwa hilo, na walivumilia.

Nilikaa kwenye hema nikifikiri juu ya ziwa letu, kokoro zinazokwangua mazalia mpaka vifaranga vya sato, na baba aliyekuwa akigombana na vijana wa mwaloni kwa sababu hiyo. Alikuwa akiwaambia, "Unavua harusi ya mjukuu wako." Nilimpigia simu kutoka katikati ya barafu. Hakuamini kwamba ninakanyaga ziwa. Nikamweleza habari ya 1999 na 2006, akanyamaza, akauliza, "Na wote walitii?" Nikamwambia wengi walitii. Akasema nimweleze tena polepole, amwite mdogo wangu asikilize.

23 Februari, Jumapili. Siku ya mwisho ya msimu

Barafu inchi 22. Tumekwenda mimi na binti tu. Wolai wameanza kusogea kuelekea mdomo wa kijito, futi 12, tumbo za majike zimejaa mayai. Tumepata wawili. Jike tumemrudisha shimoni kichwa kikitangulia, dume amekuja nyumbani.

Hesabu ya daftari: safari 31, samaki 74, waliobaki 38, aliyekufa kwa uzembe wangu 1. Kati ya hao 74, waliopatikana jua likiwa juu na maji yametulia ni 6 tu.

Ya kufanya kabla ya 10 Mei: kubadilisha mishipi yote, kutafuta kipimajoto cha pili, na kuanzia barafu ikiyeyuka binti atakuwa akipima maji ya kijito kila Jumamosi asubuhi. Amejiandikia ukurasa wake mwenyewe nyuma ya daftari, kwa kalamu ya kijani. Leo ameshaandika: nyuzi 1.